Sauti Mbichi

Kabla Mirah hajafungua kinywa, mumewe alikuwa amekwisha kumwandalia sauti. Warjo alifanya kazi hiyo kila asubuhi kwa mpango uleule, kama mtu atandikaye kitanda. Alifungua programu ya kuchanganyia muziki, akautafuta mstari wa sauti ya mkewe, kisha akazipanga efekti zake moja chini ya nyingine. Ya kwanza ilipunguza mikwaruzo. Iliyofuata iliibana sauti isipande wala kushuka ovyo. Baada ya hiyo ilikuja ile iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote: ilikamata kila noti iliyopotoka na kuirudisha mahali pake kabla sikio halijang'amua. Mwisho kabisa aliweka mwangwi, mrefu na laini, kama wa ukumbi ambao wao wawili hawakupata hata kuukanyaga.

Studio yenyewe ilikuwa sebule. Magodoro ya sufi yaliegemezwa ukutani ili yameze kelele za pikipiki, na jogoo wa jirani alifunikwa tenga kila wimbo ulipoanza, kwa idhini ya mwenyewe. Mirah alisimama katikati ya magodoro hayo, hedifoni masikioni, glasi ya maji ya tangawizi mkononi.

"Nipandishie kidogo, Mas," alisema, kwa lile neno la Kijava la kumwita kaka au mume. "Leo najisikia vizuri."

Warjo akampandishia. Kilichofika masikioni mwa mkewe hakikuwa kile kilichotoka kooni mwake, na ni Warjo peke yake aliyekuwa akisikia vyote viwili. Mambo yalianza na homa ya msimu mmoja wa harusi. Mirah alilia mbele ya kipaza sauti kwa kuwa sauti ilikuwa inakwama, na Warjo, ambaye hakujua kumfariji mtu kwa maneno, akamfariji kwa kipanya. Aliweka efekti kidogo tu katika hedifoni zake, mkewe apate moyo wa kumaliza wimbo. Homa ikapona, sauti haikupona. Kila wimbo ulihitaji msaada kidogo zaidi ya uliotangulia, na kila wimbo ulifanya ukweli uwe mgumu zaidi kusemwa. Mirah alipoimba jikoni akiosha mchele, akasikia koo likikatika, alijiambia ni moshi, au ni usingizi mchache. Hedifoni zilikuwa zimemwambia vingine, na hedifoni zilikuwa za mumewe.

Wimbo wa asubuhi hiyo ulikuwa wa Pak Trimo, kiongozi wa kundi la muziki wa harusi lililozunguka vijiji vyote vya mashariki ya mji wa Solo. Siku hizi kundi lake halikumhitaji mwimbaji jukwaani. Lilipiga nyimbo zilizorekodiwa, na wasichana wakacheza mbele yake. Pak Trimo ndiye aliyeitunza nyumba ile. Akiridhika, kulikuwa na wali na nyama. Asiporidhika, kulikuwa na wali.

Mirah alimaliza ubeti wa mwisho, akavua hedifoni, akatabasamu.

"Bado ipo, eh?" alisema, akijigusa koo.

"Ipo," Warjo alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Sanduku la chakula lilifika siku ya Ijumaa, Warjo akiwa msikitini anaunganisha waya wa spika uliotafunwa na panya. Aliporudi aliwakuta mkewe na binti yao Winarsih, ambaye kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimempa mapumziko, wameketi mkekani wakijipangusa vidole. Mbele yao palikuwa na sanduku la karatasi lililo wazi, punje chache za wali, na mifupa.

"Tumekubakizia shingo, Pak," Win alisema. "Mabawa yameruka."

Warjo alilitazama lile sanduku. Chakula cha namna ile hakiletwi kwa ukarimu mtupu. Mwenye shughuli hukituma kwa yule anayemtaka, na aliyekila amekwisha kuitikia. Hakirudishwi, na wala hakuna maneno ya adabu yaliyotungwa ya kukirudisha.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa Bu Gunarso," Mirah alisema, na uso wake ulikuwa umejaa nuru ambayo Warjo hakuwa ameiona kwa muda mrefu. "Ni hitima ya siku ya elfu tangu afariki mumewe, Mbah Gunarso. Wazee wa gamelan watapiga zile ala zao za shaba tupu, bila kinanda, bila spika hata moja. Mbah alizichukia spika, si unamjua. Na mimi nitaimba ule wimbo wake."

Warjo alimjua. Babu huyo, Mbah Gunarso, ndiye aliyemchukua Mirah akiwa binti wa kuuza tofu mlango kwa mlango, akamsikia anavyonadi, akamwambia mamaye kwamba sauti ile inapotea sokoni. Ndiye aliyemfundisha pa kuvutia pumzi na pa kuiacha. Hakuchukua malipo. Kitu pekee alichowahi kumwomba ni kwamba akifa, aje amwimbie.

Kama angekuwa nyumbani, Warjo angempokea mjumbe mlangoni, akamwambia mkewe yu mgonjwa, na mjumbe angeelewa, akaondoka na sanduku lake huku kila mtu akiomba radhi. Lakini kuku alikuwa tumboni. Aliketi, akaichukua ile shingo, akaitafuna polepole huku mkewe akimweleza atakavyofunga nywele.

Alikwenda kwa Bu Gunarso siku iliyofuata. Wanaume walikuwa wanafunga turubai uani, na mjane yule mwembamba, mwenye khanga kuukuu iliyopigwa pasi vizuri, alimkaribisha chai. Warjo aliisifu turubai. Aliuliza habari za magoti ya mama mwenyeji, habari za mvua, habari za mjukuu aliyeko Kalimantan. Chai ilipofika nusu ndipo alipogusia, kama jambo lililompitia tu njiani, kwamba wageni wa nyuma huenda wasisikie vizuri, na kwamba yeye angeweza kuleta spika ndogo mbili pamoja na kompyuta yake, vitu ambavyo visingeonekana kabisa.

Aliyejibu alikuwa Pak Sukimin, mpiga rebab, zeze lile la nyuzi mbili linaloongozana na mwimbaji. Alikuwa juu ya ngazi, kamba mdomoni. Aliitoa kamba.

"Mas Warjo, kwako hata mbuzi akipita sebuleni anatoka na sauti ya malkia. Tuachie siku moja nasi tumsikie mbuzi."

Wote uani walicheka. Warjo naye alicheka, tena akachelewa kunyamaza kuliko wengine.

"Msimsumbue," Bu Gunarso alisema, akimjazia kikombe. "Ahsante, mwanangu, umefikiria vizuri. Lakini marehemu alikuwa akisema sauti ya Mirah haihitaji kubebwa. Ilikuwa ndiyo fahari yake."

Sentensi ilikuwa mdomoni mwa Warjo. Ilikuwa fupi: mke wangu hawezi tena. Mjane alikuwa anamtazama kwa upole, na wale wanaume walikuwa wamerudi kwenye kamba zao, na hakuna ambaye angemlaumu. Akainywa pamoja na chai, akaaga.

Siku mbili kabla ya hitima, Pak Trimo alipiga simu. Wimbo wake ulikuwa na sehemu ya kiitikio ambayo aliitaka iimbwe upya, na alikuwa na harusi ya kuipigia. Warjo aliandaa kila kitu, lakini gesi ya jikoni ikaisha, na dukani hawakuwa wakimpa mtu mtungi pasipo mwenye nyumba kufika na kitambulisho chake. Alimwambia Mirah amsubiri. Mirah, ambaye tangu Ijumaa alikuwa haishi kuimba kimoyomoyo, hakuwa na subira.

"Nduk, njoo ubonyeze hapa kwa baba yako," alimwita Win. "Tumalize hiki, nikapige pasi nguo."

Win alikaa kwenye kiti cha babaye. Alikua akimwangalia Warjo akifanya kazi, kama watoto wa fundi cherehani wanavyokua wakiangalia sindano, na programu ile haikumtisha. Alibonyeza, muziki ukaanza, Mirah akaimba, kisha akapunga mkono kuzuia.

"Sauti inanifikia imechelewa. Naimba, ndipo inanifuata nyuma kama mkia."

Win alichungulia kompyuta. Kipimo cha mzigo wake kilikuwa kimejaa pomoni. "Bapak kairundikia hii mashine mizigo. Imezeeka, ataibebesha kuni mpaka lini? Nizime hizi efekti uimbe, Bu. Baba ataziwasha baadaye. Haziharibu kitu."

"Zima basi."

Win alizizima zote kwa mpigo. Hakuona hatari yoyote. Miaka yote alidhani kwamba jambo lile lilikuwa la watu wawili, kwamba mama anajua na baba anajua, na kwamba mtoto mwenye adabu hataji koo la mamaye kama asivyotaja mvi zake.

Muziki ukaanza tena. Mirah akavuta pumzi mahali alipofundishwa kuivuta, akaimba kiitikio. Maneno mawili ya mwanzo yalitoka na ukungu. La tatu lilipanda, likafika nusu, likapasuka kama ukuni mbichi, na chini yake hapakubaki noti yoyote, ni upepo tu. Akanyamaza. Aliigonga hedifoni kwa kidole.

"Hii imeharibika."

"Haijaharibika, Bu."

"Basi kipaza sauti."

Win alikitazama kipaza sauti, taa yake ndogo ikiwaka vizuri. "Kizima hicho."

"Kwani umezima nini wewe?"

"Efekti tu. Hii sasa ndiyo mbichi."

"Mbichi ya nani?" Mirah aliuliza.

Win alikiachia kipanya. Alimtazama mama yake aliyesimama kati ya magodoro, mkono bado umeshika hedifoni, na kitu kilichokuwa wazi kwake miaka yote kikageuka mbele ya macho yake.

"Nilidhani Ibu unajua," alisema.

"Washa."

Win akawasha. Mirah akaimba neno moja, na sauti aliyoizoea ikamjia masikioni, imenyooka, imepigwa pasi, imechelewa kidogo.

"Zima."

Akaimba neno lilelile.

"Washa. Zima." Kisha akavua hedifoni kabisa, akaiweka juu ya kiti, akaliimba neno hilo sebuleni, kwa magodoro na dirisha na binti yake. Warjo alikuwa amefika mlangoni na mtungi wa gesi begani. Alisimama hapohapo bila kuutua, na hakuna aliyemkaribisha wala kumpa pole ya mzigo.

Mirah hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kompyuta, akauliza kama nyimbo za nyuma zipo bado, zile mbichi zake.

"Zipo," Warjo alisema. "Programu haifuti kitu. Efekti hukaa juu tu, kama kitambaa juu ya meza. Chini yake iko vilevile ulivyoiimba."

"Ondoa kitambaa. Nipigie, kuanzia wa mwaka wa homa."

Warjo alifanya alichoamriwa. Alifungua wimbo, akazima, akapiga. Akaufunga, akafungua mwingine. Win alikwenda jikoni kuunganisha mtungi, akakaa huko. Katika nyimbo za mwanzo sauti ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama kucha kwenye kitambaa. Katika zilizofuata ilianza kukwepa noti za juu, ikizigusa na kuondoka haraka. Kisha ikawa haizigusi. Mirah alisikiliza yote, mikono mapajani, namna mtu anavyosikiliza habari za jamaa aliyefia ugenini: alivyougua, alivyodhoofu, walivyomzika. Sauti yake ilikuwa imeondoka wimbo baada ya wimbo, na yeye hakuwapo kuiaga.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Ulikuwa unalia."

"Ningelia, Mas. Ningelia, kisha ningekwenda hospitali."

 Warjo alitaka kusema kwamba alifanya kwa kumpenda, na ilikuwa kweli, lakini aliona jinsi ukweli huo ulivyokuwa mdogo ukiwekwa kando ya ule mwingine.

"Kila asubuhi nakuuliza kama bado ipo," Mirah alisema. "Nilikuwa namuuliza nani?"

Walikwenda hospitali ya wilaya kesho yake, wakapanga foleni na kadi ya bima. Daktari, msichana mwenye macho ya mtu aliyekesha, alipitisha kamera nyembamba puani, akawaonyesha kwenye kioo uvimbe uliokuwa ukingoni mwa utando wa sauti. Alieleza kwa upole. Wangekuja sauti ilipoanza kukwaruza, pengine mapumziko yangetosha. Sasa uvimbe umekuwa mgumu, itabidi Mirah aingie foleni ya upasuaji, na sauti itakayorudi haijulikani. Hadi hapo asiimbe. Asiseme.

"Hata kunong'ona?" Warjo aliuliza.

"Hasa kunong'ona."

Mirah aliomba kimya hicho kianze siku moja baadaye, hitima ikishapita. Daktari hakukubali, na alieleza sababu zake. Mirah alishukuru kwa adabu kubwa, kama wanavyoshukuru watu ambao wamekwisha kuamua lao.

Njiani, juu ya pikipiki, Warjo alisema bila kugeuka kwamba angeweza kupita kwa Bu Gunarso mara moja, akaeleza, na cheti cha daktari wanacho. Alikuwa na hakika kwamba safari hii angeweza kulisema. Mirah alimjibu karibu na sikio, kwa kile kilichosalia cha sauti.

"Kuku tumeshamla."

Nyumbani, kila wimbo ulipomshinda Mirah, Warjo alikuwa akiushusha wote kwa kipanya, ala na kila kitu, hadi ukafika alipo mwimbaji. Shaba ya gamelan haishuki. Iliyeyushwa na kugongwa na watu waliokufa zamani, na mwimbaji ndiye anayeifuata ilipo. Siku ya hitima Warjo aliketi nyuma pamoja na wanaume, miguu amekunja, glasi ya chai mbele yake, akazitazama zile ala zinavyong'aa chini ya turubai, na hakuwa na kitufe chochote cha kubonyeza.

Dua ilipokwisha, na wali ulipoliwa, wazee wakaanza kupiga. Mirah alikuwa ameketi mbele, mgongo umenyooka, nywele zimefungwa kama alivyosema atazifunga. Aliposhika wimbo, waliokuwa wakinong'ona walinyamaza kwa heshima, kisha wakaendelea kunyamaza kwa sababu nyingine. Sauti ilitoka ndogo, yenye ukungu, ikitembea juu ya shaba kama mgonjwa anayeshika ukuta. Watu walitazama glasi zao. Binti mmoja aliyekuwa ameinua simu ili arekodi aliishusha taratibu, akaificha chini ya mtandio.

Mkono wa kulia wa Warjo ulikuwa gotini. Kila noti ilipopotoka, kidole kilijikunja chenyewe, kikitafuta kipanya.

Ndipo ilipofika sehemu ya juu, ile ambayo Mbah Gunarso aliipenda. Mirah alivuta pumzi mahali pake hasa. Alifungua kinywa, na hapakutoka kitu. Hakukohoa, hakujifunika uso, hakujaribu tena. Alikaa vilevile, kinywa wazi kidogo, macho mbele, akiuimba mstari wote bila sauti. Pak Sukimin alimtupia jicho mara moja. Akauvuta upinde wa rebab mrefu kuliko ilivyo desturi, akaubeba mstari ule kwa nyuzi zake, polepole, akipumzika pale midomo ya Mirah ilipopumzika, mpaka akamfikisha chini ambako kooni kulikuwa bado kumesalia kitu. Hapo Mirah aliingia tena, akamaliza.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa si desturi kupiga makofi kwenye hitima. Wakati wa kuaga, Bu Gunarso alimshika Mirah mikono yote miwili, akamtia mfuko wa chakula cha kwenda nacho.

"Pumzisha koo, mwanangu," alisema. "Angekuwapo Mbah, angekwisha kukuambia zamani."

Alisema bila ubaya. Warjo, aliyekuwa amesimama hatua moja nyuma akiwa ameshika viatu vya mkewe, aliinamisha kichwa kama aliyeambiwa yeye.

Baada ya hapo Mirah hakusema tena. Alitii masharti ya daktari kama alivyokuwa akitii masharti ya Mbah, bila kupunguza. Nyumba ikajifunza sauti nyingine: kijiko kikigongwa mara moja kwenye sufuria ili watu waje kula, kofi moja mlangoni kumwita Win. Kwa Warjo, kimya kile kilikuwa kigumu kuliko maneno yoyote, maana hakujua kama ndani yake alikuwa amesamehewa au hapana, na hakukuwa na namna ya kuuliza.

Wimbo wa Pak Trimo ulikuwa bado unasubiri. Kiitikio kipya hakikupatikana. Walikuwa na wimbo ule ulioimbwa asubuhi ile ya mwanzo tu. Warjo alipokaa kuumalizia, Mirah alileta kiti cha plastiki, akaketi kando yake, akachukua hedifoni ya pili.

Warjo alifungua mstari wa sauti. Efekti zilikuwa zimejipanga zinavyojipanga siku zote. Mirah alinyoosha kidole kwenye ile iliyonyoosha noti. Warjo alimtazama.

"Tukiitoa hii, hataupokea," alisema. "Na akiukataa huu, hataleta mwingine."

Kidole hakikuondoka. Warjo akaizima. Kidole kikashuka kwenye iliyofuta mikwaruzo, ikazimwa nayo. Kwenye ile iliyobana sauti Mirah alisikiliza muda mrefu, akiomba kwa ishara iwashwe na izimwe, kisha akatikisa mkono kwamba iachwe, ila kidogo, isimnyonge mtu. Wakafika kwenye mwangwi. Warjo alipeleka kipanya kuuzima, mkewe akamkamata kifundo cha mkono. Aliushusha mwenyewe, taratibu, ukumbi mkubwa ukapungua, ukapungua, hadi ukawa kama chumba cha kadiri, chenye mkeka na dirisha. Hapo akaacha. Aliupokea mwangwi kwa kuwa haukudai kuwa koo lake. Ulikuwa ni mahali tu pa kuimbia.

Walisikiliza wimbo wote. Pale juu, sauti ilipasuka. Mirah alitikisa kichwa kukubali, na Warjo akautuma.

Simu ililia Win akiwa anaanua nguo. Jina la Pak Trimo lilikuwa kwenye kioo. Warjo aliitazama ikilia, kama alivyowahi kutazama mambo mengi yakilia mbele yake hadi yakanyamaza. Mirah aliichukua, akaibonyeza, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

"Mas Warjo," Pak Trimo alisema, kwa uchangamfu wa mtu mwenye haraka, "umenitumia faili gani wewe? Hii mbichi. Nipe ile yenye sauti ya Bu Mirah."

Mirah hangeweza kumjibu hata kama angetaka. Alimgeukia mumewe, akamkazia macho, asiyaondoe. Uani jogoo wa jirani aliwika. Safari hii hakuna aliyekwenda kumfunika. Warjo alitafuta maneno ya kuanzia, habari za harusi, habari za mvua, hakuyapata.

"Ndiyo yenyewe, Pak," alisema.

Upande wa pili ulisubiri acheke.

"Sauti imemtoka. Ni muda sasa. Nilikuficha wewe, na nilimficha yeye." Alimtazama mkewe. "Nikisema hii iliyobaki inatosha, nitakuwa nakuficha tena. Hawezi."

Pak Trimo akavuta pumzi kabla ya kujibu. Mirah akasogeza kiti chake, kikakwaruza sakafuni, akaketi bega kwa bega na mumewe, wasikilize pamoja atakalosema.